Jina Lililosukwa Mkekani

Ijumaa ile Danstan alivaa suruali yake ya kaki aliyoipiga pasi kwa mkono wake mwenyewe, akafunga vifungo vyote vya shati mpaka cha kooni, akatoka zahanatini Kibiti bila kutia kitu kinywani. Hakuna aliyemwamuru afunge. Alifunga kwa kuwa alijua kwamba kabla jua halijatua atakuwa ama amempata Zamda binti Husseini, ama amempoteza. Na jambo la namna hiyo halikabiliwi na mtu aliyeshiba.

Alikuwa dresa, kijana wa miaka ishirini na mitano, mzaliwa wa Masasi. Serikali ilimleta Kibiti mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na mbili kuchoma sindano za buba na kufunga vidonda. Katika Kibiti nzima Wakristo hawakuzidi watano, na Jumapili walisali chumbani kwa karani mmoja, juu ya sakafu ya udongo, bila padre. Danstan ndiye aliyeongoza sala hizo, kwa maana baba yake alikuwa mwalimu wa dini, na babu yake kabla ya hapo. Babu huyo, katika mwaka wa vita vya Maji Maji, aliambiwa anywe dawa kama wenzake au aondoke kijijini. Aliondoka. Aliingia porini na mkewe mwenye mimba, amebeba kengele ndogo ya kanisa ndani ya gunia la mtama, na mtoto aliyezaliwa humo porini ndiye aliyemzaa Danstan.

Kwa mtu wa ukoo huo, safari ya Mtawanya, kijijini kwa Zamda, ilikuwa nzito kuliko umbali wake.

Kisa chenyewe kilianza na mguu. Maalim Husseini, mwalimu wa chuo cha Kurani pale Mtawanya, alikuwa amelazwa na donda ndugu, na watu walikwisha kuanza kumwombea mwisho mwema. Danstan alikwenda kwake kila Jumamosi kwa miezi mitano, akasafisha, akafunga, mpaka mzee akasimama. Na kila Jumamosi, aliyeshika beseni la maji ya dawa alikuwa Zamda. Mwanzoni macho yao yalikutana kwa bahati. Baadaye yalitafutana. Zamda alijua kusoma kwa herufi za Kiarabu tu, alizofundishwa na baba yake. Akaomba kufundishwa pia zile zilizoandikwa kwenye kopo la dawa. Danstan akamfundisha, mama mtu akiwa ameketi pale pale akipeta mchele. Zamda alizishika herufi zote upesi isipokuwa moja: kila alipoandika S, aliigeuza nyuma mbele, na alipokosolewa alicheka, akaigeuza vile vile tena.

Mwezi mmoja kabla ya Ijumaa hii, Maalim alimwita Danstan barazani.

"Mwanangu Abdulkarimu," alisema mzee, "alifia katika mikoko ya Salale. Boriti zilimwangukia akiwa mtumbwini. Tangu siku ile jina lake halina mtu. Silimu, ulichukue jina hilo, nami nitakupa Zamda."

Danstan aliinamisha kichwa. "Nimekusikia, Maalim," alijibu, akaondoka.

Na hapo ndipo kosa lilipokuwa. Kwa watu wa pale, kijana akisemeshwa na mzee jambo zito, naye asitamke la kukataa, amekubali. Danstan alikwisha kuishi nao kiasi cha kulijua hilo. Aliliacha liendelee, kwa sababu lilikuwa tamu. Kwa mwezi mzima aliona matayarisho yakifanyika, na kwa mwezi mzima hakuweza kumaliza sala yake ya asubuhi. Alipofika mahali pa kuomba aepushwe na majaribu, ulimi ulimganda kinywani, kwa kuwa alijua wazi kwamba hataki kuepushwa.

Njiani alikutana na Dadi, binamu yake Zamda, mtema mikoko aliyepanda kutoka delta ya mto, kwenye mikoko, kwa ajili ya shughuli hiyo. Mabega yake yalikuwa na sugu za kubeba boriti, na mdomo wake haukuwa na pumziko.

"Shemeji! Mbona unatembea kama unayefuata jeneza?"

"Usiniite shemeji, Dadi."

"Nikuite nani basi? Danstan linakwisha leo, Abdulkarimu halijaanza. Hapo katikati nimebaki na shemeji peke yake."

Danstan hakucheka. Dadi akamtazama usoni, akapunguza mwendo.

"Ehe. Kumbe moyo umekuingia baridi."

"Moyo haujawahi kuwa na moto wa kusilimu. Nimenyamaza tu."

"Sasa sikiliza nikwambie, bwana dresa. Yale maneno ni machache, pumzi moja yamekwisha. Nani atakupasua kifua aone kilichomo? Ukienda likizo Masasi, piga ishara ya msalaba mpaka mkono uchoke. Ukirudi Mtawanya, vaa kofia. Mungu anajua shida za vijana."

"Ungependa dada yako aolewe na mtu wa namna hiyo?"

Dadi alijikuna shingo. "Mie ningependa dada yangu asiolewe na Seleman wa Nyamwage, yule ambaye tumbo lake huingia mlangoni kwanza, mwenyewe akafuata baadaye. Posa yake imo ndani, na ami zake Zamda wanaitaka. Leo ukisema la, kabla ya mavuno atakuwa bi harusi wa Nyamwage. Ulijue hilo unapofungua mdomo."

Danstan alilijua. Ndilo lililokuwa likimla.

Nyumbani kwa Maalim palikuwa pamefagiliwa mpaka njiani. Harufu ya wali wa nazi ilijaa uani. Nyuma ya ua wa makuti, ndoo mbili za maji ya josho, ya kumwogesha anayesilimu, zilikuwa zimefunikwa kwa ungo, na juu ya kamba ilianikwa kanzu mpya, nyeupe, ikipungwa na upepo kama mtu anayeita.

"Karibu, mwanangu," alisema Bi. Biasha, mama yake Zamda, akimpokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Maalim hajarudi msikitini. Mwenzio ana kitu chake anataka ukione, hajalala kwa ajili yake. Nendeni hapo kivulini. Mie nipo jikoni, na jikoni kwangu hakuna mlango."

Zamda alikuwa ameketi juu ya kibao, miguu ameikunja, kanga ameivuta mpaka kwenye paji la uso. Alipomwona Danstan aliinua macho mara moja, kisha akayashusha. Lakini mara ile moja ilitosha kumfanya kijana asahau alikuwa amesimama kwa mguu gani. Mbele yake palikuwa na mkeka wa ukindu, mpana, wa watu wawili, wenye rangi ya zambarau na nyekundu. Alikuwa amezisuka kili, ile mikanda mirefu ya ukindu, moja moja kwa mwezi mzima, kisha akazishona kwa upande, na ukili wa katikati ulikuwa na maandishi.

"Soma," alisema Zamda. "Nisahihishe kama nimekosea."

Danstan aliinama. Herufi zilikuwa kubwa, zimenyooka, kila moja imesukwa kwa uvumilivu wa mtu anayependa. Alisoma kimya kimya mpaka mwisho: ABDULKARIMU.

"Hukukosea hata moja," alisema, macho yakiwa bado mkekani.

"Jina hili halina ile S yangu yenye ukaidi." Zamda alicheka kidogo. "Mama alilia nilipomaliza. Alisema ni kama nimemrudisha kaka. Nikamwambia, la, mama, huyu ni mwingine, huyu ni wangu." Aliinua macho. "Danstan. Kwa nini hunitazami?"

"Nakutazama kila siku, hata usipokuwapo."

"Basi nitazame leo nikiwapo."

Akamtazama. Machoni mwa yule binti hakuona hila wala wasiwasi, aliona imani. Zamda alikuwa amemwamini kiasi cha kulifunga jina ndani ya ukindu kabla halijatamkwa. Na Danstan akafahamu, kwa uchungu ambao hajapata kuujua, kwamba mwenye jina lile hayuko. Kwamba akilala juu ya mkeka ule, atakuwa amelala mtu mwingine.

Bi. Biasha alikohoa jikoni. Wanaume walikuwa wamerudi.

Barazani waliketi Maalim Husseini, Dadi, na wazee wawili kutoka msikitini: Mzee Mfaume, mwenye sauti kubwa, na Mzee Abdalah, asiyependa kusema. Danstan alikaa mbele yao. Nyuma ya pazia la mlango alisikia bangili zikigongana mara moja, kisha zikatulia.

Maalim alikuwa na tasbihi mkononi. Hakuwa na haraka.

"Kabla ya maji na kabla ya maneno," alisema, "nina swali. Nimewaleta mashahidi walisikie, na wasikie jibu lake. Dini si kanzu ya kuazima kwa ajili ya karamu. Niambie, mwanangu. Unaingia kwa ajili ya Mungu, au kwa ajili ya binti yangu?"

Dadi, aliyeketi pembeni, alimkonyezea jicho, kisha midomo yake ikaumba neno moja bila sauti: Mungu. Neno hilo lilikuwa fupi. Lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Ng'ambo ya neno hilo alimwona Zamda asubuhi akisuka kivulini, akaona watoto, akaona mzee huyu akimwita mwanangu mpaka siku ya kufa. Upande huu wa neno hilo hakuona kitu ila chumba cha karani, watu watano na sakafu ya udongo.

Ndani ya moyo wake akaanza ile sala iliyomshinda mwezi mzima. Akafika mahali pale. Safari hii hakukwama.

"Kwa ajili ya binti yako, Maalim," alisema. "Na kwa kuwa ni kwa ajili yake tu, siwezi kuingia."

Mzee Mfaume alishtuka. "Umesema nini?"

Danstan alinyoosha mgongo. Sauti yake haikupanda wala kutetemeka. "Mimi ni Mkristo. Nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga, na nilipopata akili niliikiri imani hiyo kwa kinywa changu mwenyewe, bila kushurutishwa. Nikisema vingine leo, nitakuwa nimewadanganya ninyi mlionikaribisha, nitakuwa nimemkana Mungu wangu, na Zamda nitakuwa nimempa mume asiyekuwapo."

"Mwezi mzima ulinyamaza!" Mfaume alisimama, fimbo mkononi. "Maji yametekwa, wali umepikwa, kanzu imeshonwa! Umetufanya watoto wadogo?"

"Hapo nina hatia, mzee wangu, wala sijitetei. Ningesema siku ile ile. Nilinyamaza kwa sababu nilimpenda, nikajidanganya kwamba kunyamaza si uongo. Ulikuwa uongo. Naomba radhi kwenu nyote, na fedheha ya leo iwe yangu peke yangu."

Pazia lilifunguka, lakini aliyetoka alikuwa Bi. Biasha, uso umelowa machozi.

"Na jina la mwanangu?" alilia. "Tumekupa jina la marehemu wangu, nawe umelitupa?"

Hilo ndilo lililompiga. Danstan alishuka kutoka kwenye kiti, akapiga goti mbele ya yule mama.

"Sikulitupa, mama. Nalirudisha mikononi mwako likiwa safi kama ulivyonipa. Ningelivaa kwa uongo, ningelichafua, nawe ungeniita kila siku bila kujua."

Bi. Biasha alijifunika uso kwa kanga, akarudi ndani.

Maalim alikuwa bado anahesabu tasbihi. Alipofika mwisho wake aliiweka mapajani.

"Mfaume, kaa," alisema.

"Maalim, huyu kijana…"

"Nimesema kaa." Mzee akamgeukia Danstan, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nimefundisha chuo miaka thelathini. Watoto wengi wameketi mbele yangu wakasema yale ninayotaka kuyasikia. Wewe umesema nisilolitaka, na ulijua unachokipoteza. Sitakuficha: nimeumia. Nilikutaka uwe mwanangu. Binti sikupi, dini yangu hainiruhusu, na mtu aliyesimama katika yake kama wewe hawezi kunitaka mimi nianguke katika yangu."

"Siwezi, Maalim."

"Najua. Lakini chakula kimepikwa kwa jina la mgeni, na mgeni ni wewe. Utakula kwangu. Na Jumamosi utakuja kuutazama mguu huu, maana hakuna mwingine nitakayemnyooshea."

Wakala, sinia moja, mikono mitano. Mfaume alikula akiwa amenuna, hata hivyo alipoona Danstan anagusa wali tu bila kula, alimsukumia kipande cha samaki.

Zamda alimngojea njiani, penye mkorosho wa mwisho kabla ya barabara. Dadi alisimama hatua ishirini kutoka hapo, amewapa mgongo, akijifanya anatafuta korosho zisizokuwapo.

"Nilisikia kila neno," alisema Zamda.

"Nilijua upo."

"Ulijua, na bado ukasema?"

"Nilisema kwa kuwa upo."

Machozi yalimtiririka asiyafute. "Mwanaume mwingine angesema neno moja. Moja tu, Danstan! Saa hizi tungekuwa…" Hakumaliza. Alisogea hatua moja karibu, akashusha sauti. "Basi nisikilize mimi. Wewe huwezi kuja kwangu. Mimi naweza kuja kwako. Nichukue twende Masasi. Nibatizwe, nipewe jina lolote wapendalo, nipige magoti popote watakapo. Gari la Lindi linapita kesho asubuhi. Sema tu."

Kama jaribu la barazani lilikuwa na nguvu, hili lilikuwa na nguvu mara mbili. Lilikuwa limesimama mbele yake likiwa hai, lina mikono iliyotiwa rangi ya ukindu, na lilisema kwa sauti aliyoipenda kuliko zote duniani. Aliona kabisa gari la Lindi. Aliona mahali watakapokaa ndani yake.

"Zamda," alisema polepole, "utaingia kwa ajili ya Mungu, au kwa ajili yangu?"

Zamda alifumbua mdomo kujibu upesi. Kisha akaufumba. Alitazama chini, akatazama nyumba ya baba yake, akamtazama tena yeye; na katikati ya machozi, kicheko kikamtoka, kicheko cha mtu aliyekamatwa.

"Kwa ajili yako," alisema. "Wewe mtu! Kwa ajili yako tu."

"Baba yako amenikalisha kwenye sinia lake leo, baada ya mimi kumwaibisha. Siwezi kumwibia binti yake usiku wala mchana. Na wewe siwezi kukuomba uwe mnafiki ambaye mimi mwenyewe nimekataa kuwa."

Zamda alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akasimama wima. Hakuwa mrefu, lakini wakati ule Danstan alimwona kana kwamba anamtazama kutoka juu.

"Nenda," alisema Zamda. "Usigeuke nyuma, maana ukigeuka nitakufuata, nawe utanifukuza, na sitaki kumbukumbu ya kufukuzwa. Nataka ya mtu aliyeondoka mgongo wake umenyooka."

Danstan akaenda. Hakugeuka, ingawa kila hatua ilimwomba ageuke.

Majuma manne yalipita. Jumamosi zote nne alikwenda Mtawanya kuutazama mguu wa Maalim, na beseni lilishikwa na Bi. Biasha. Jumamosi ya kwanza mama yule hakusema kitu. Ya nne alimwambia, "Umekonda, mwanangu. Huko kwako hupikiwi?" na Danstan akajua amesamehewa.

Jumapili iliyofuata, alipokuwa anafungua dirisha la chumba cha karani kabla wenzake hawajafika, Dadi alitokea mlangoni na mzigo begani.

"Hodi, usiye shemeji."

"Karibu, Dadi."

"Sikai. Nateremka delta, mtumbwi unaningoja." Akashusha mzigo. "Nimetumwa. Na kabla hujauliza: Seleman amerudishiwa posa yake. Maalim alimwuliza Zamda, naye akajibu mbele ya ami zake, 'Baba, usinioze kwa mtu ambaye hajapata kukataa kitu.' Ami zake walipiga kelele. Mzee akacheka, wallahi, nimemwona kwa macho yangu akicheka. Amesema binti yake hataolewa mpaka apatikane Mwislamu anayeshika yake kama yule dresa anavyoshika ya kwake. Sasa huyo tumtafute wapi, bwana? Umetutia kazini ukoo mzima!"

Danstan alitabasamu, na tabasamu lile lilimuuma.

"Huu mzigo," Dadi akaendelea, na mzaha ukamtoka usoni, "amesema niseme hivi, nisiongeze wala nisipunguze: 'Mwambie mkeka huu si wa kulalia. Ni wa kusalia.'"

Akaondoka.

Danstan alikata kamba, akaukunjua. Ulikuwa mkeka ule ule wa zambarau na nyekundu, lakini haukuwa tena wa watu wawili. Kili za pembeni zilikuwa zimefumuliwa, zikaondolewa, na nyuzi mpya za kushonea zilionekana waziwazi, hazikufichwa. Ukili wa katikati, ule wenye jina la marehemu, haukuwapo. Alijua umebaki kwa Bi. Biasha, mahali pake. Badala yake ulishonwa ukili mpya, ukindu wake bado una ubichi, wenye herufi saba.

DANSTAN.

Herufi ya nne ilikuwa imegeuzwa nyuma mbele.

Aliutandika juu ya sakafu ya udongo, akaunyoosha pembe zote nne kwa kiganja. Nje alisikia sauti za wenzake wanne wakija kusali. Hakuwangoja. Alipiga magoti juu ya jina lake mwenyewe, akaanza sala, akaisema yote mpaka mwisho.